Kopo la Kwanza la Udi

Simu Nunu aliiweka juu ya friji. Akikaa nayo mkononi angeitazama mpaka macho yamuume, na akiiweka chini ya mto ingekuwa kama kulala na mgonjwa. Kule juu ya friji angalau ilimbidi ainuke na kunyoosha mkono, na kila alipoinuka alijiambia kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, baada ya hapa anakwenda kulala. Hakwenda. Alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Alichungulia dirishani akaona barabara imelowa na paka wa jirani amejibanza chini ya gari. Mumewe, Ussi, ambaye ni dereva wa teksi, alishuka kunywa maji, akamkuta amekaa gizani. Akamwambia kwamba watu wazima hawapigiani simu saa kama hizo, na kama ni jibu litakuja mchana. Alisema kweli, ila kweli yake haikumsaidia mtu kulala.

Jibu alilolingoja Nunu lilikuwa la Bi Asmahan wa Hodge Hill, nalo lilikuwa jepesi kabisa: Jumamosi atakuja kuwasha kaa, au haji.

Jumamosi hiyo Nunu alikuwa afungue duka lake la udi kwenye barabara ya Alum Rock. Duka lenyewe ni chumba kimoja chembamba. Kushoto kwake wanauza vitambaa vya harusi, kulia wanauza kuku wa kuchoma, hata Nunu akawa anajiuliza kama udi wake utaishinda ile harufu ya kuku. Miaka mingi alikuwa akifanya usafi hospitali, na udi akiupika jikoni kwake siku za mapumziko, king'ora cha moshi kimefungwa mfuko wa plastiki na madirisha yote yamefunguliwa hata theluji ikianguka. Aliuza kwenye harusi za Wazanzibari, kisha za Wasomali. Halafu binti yake, Thuwaiba, akamshawishi wapeleke meza kwenye soko la Kings Heath, na huko Waingereza wakaja wakaunusa, wakauliza maswali mengi, wakanunua. Mwezi uliopita Nunu aliacha kazi ya hospitali. Duka sasa ndilo lililobaki, hakuna jingine la kurudia.

Kwa watu wa kwao, mahali papya hapakaliwi mpaka pafukizwe. Unawasha kaa, unatia udi kwenye chetezo, moshi unazungushwa pembe zote, dua inasomwa, ndipo vitu vinaingia. Hilo ni la wote. Lakini katika ukoo wa Nunu lilikuwapo na jingine juu yake: kaa la kwanza la biashara haliwashwi na mwenye biashara. Huwashwa na mtu wa nyumba ya kina Bi Asmahan. Mama yake Nunu alipopata kibanda cha kuuzia sokoni Darajani, mama yake Bi Asmahan ndiye aliyekuja na kiberiti. Bibi yake Nunu naye vivyo hivyo. Na kila mwaka, kabla ya mwezi wa Ramadhani, kopo la kwanza la udi mpya lilipelekwa kwao kabla kipande kimoja hakijauzwa. Hiyo iliitwa kupeleka heshima. Nunu alikuja nayo Uingereza kama alivyokuja na miko yake ya mti, na alipojua kwamba Bi Asmahan anakaa mji huu huu wa Birmingham, alifurahi kama aliyekuta ndugu.

Zaidi ya hayo, Bi Asmahan ndiye anayetazamwa na wanawake wa Kizanzibari wa hapa. Hitima haianzi hajafika. Akisema wali una chumvi, una chumvi. Akinunua udi kwa mtu, wote watanunua kwa huyo, na akinyamaza, basi.

Sasa alikuwa amenyamaza tangu Jumanne. Jumanne ndiyo siku Davinder, fundi wa mabango, alipoleta bango la duka na kulipigilia juu ya mlango: UDI WA ZAFARANI, kwa rangi ya dhahabu juu ya kijani. Thuwaiba alilipiga picha, akaiweka kwenye simu ambako watu wote huona, na chini yake akaandika maelezo mafupi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Aliandika kwamba Zafarani alikuwa bibi wa bibi yake mama yake, kwamba alikuwa mtumwa katika nyumba moja ya Unguja, na kwamba alipokuwa huru alianza kuuza udi, na udi huu ndio ule ule. Jina la nyumba hakulitaja.

Magharibi haijaingia, Mbarouk akapiga simu. Huyu ndiye mtoto wa pekee wa Bi Asmahan, mtu mpole, mhasibu, anayezungumza taratibu kama anayetembea juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Da Nunu, Mama kasikia," alisema. "Anauliza nani aliyetoa ruhusa mambo ya majumbani kwa watu kubandikwa barabarani."

Nunu alijitetea, akasema ni mtoto, watoto wa siku hizi unawajua. Mbarouk alisema anawajua, yeye mwenyewe hana neno, na kwamba atazungumza na mama yake kisha atapiga. Ndiyo ile simu iliyokuwa juu ya friji.

Huyo Zafarani, yote yanayojulikana juu yake Nunu aliyasikia kwa mama yake wakikoroga udi, maana shira ya sukari ikishika moto huwezi kuiacha, na mtu aliyefungwa na sufuria husimulia. Aliletwa Unguja mdogo kutoka bara, bara gani hakuna ajuaye. Jina alilozaliwa nalo limepotea. Katika nyumba ile ya kina Bi Asmahan, mtaa wa Malindi mjini Unguja, wajakazi walipewa majina ya maua na ya viungo, naye likamwangukia hilo. Kazi yake ilikuwa kukoroga. Bibi wa nyumba ndiye aliyejua vipimo, haya marashi, hii miski, hii ambari, lakini mkono uliokuwa na mwiko ulikuwa wa Zafarani, tangu mwiko unamzidi urefu.

Mwaka 1897 ilipotoka amri ya kuondoa utumwa, hakuondoka siku ile. Angekwenda wapi? Aliondoka baadaye, ana mtoto mgongoni, akapanga chumba Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikokaa maskini. Kwanza aliuza kuni. Kisha akaanza kununua vumbi na vijiti vya udi vilivyobaki chini ya magunia ya wafanyabiashara wa Kihindi, vitu ambavyo wao walikuwa wakivifagia. Akavipika kwa sukari na marashi kama alivyozoea. Wenyeji wakamcheka: udi ni kitu cha majumba makubwa, Ng'ambo nani atafukiza? Lakini Zafarani alikuwa ameona walichokuwa hawakioni. Ng'ambo ilikuwa imejaa wanawake waliotoka alikotoka yeye, waliofua na kufukiza nguo za wenzao maisha yao yote, na sasa wana harusi zao wenyewe, na watoto wao wa kutia majina. Kopo zima hawakuliweza. Akawapimia kwa kikombe cha kahawa. Mwanamke akija na kikombe kimoja anatoka na harufu ya siku tatu. Mwisho Zafarani alijenga nyumba ya mawe na chokaa, akawa na wanawake wengine wanaomkorogea, na hata kule Malindi walikuwa wakimtuma mtu kununua.

Na kila mwaka, kopo la kwanza alilipeleka mwenyewe Malindi. Kwa nini, ndipo maneno yanapoachana. Mama yake Nunu alisema ni mapenzi, walikuwa kama ndugu. Thuwaiba alisema ni kodi. Nunu akifikiri aliona yote mawili yanawezekana, na pengine lilikuwapo la tatu, maana Zafarani mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Simu ya Mbarouk ilikuja Ijumaa asubuhi, Nunu ana kikombe cha chai mkononi na bado hajakinywa. Alizungumza taratibu zaidi ya ile Jumanne. Mama yake atakuja Jumamosi, tena atakuja na wanawake wenzake, magari mawili. Atawasha kaa kwa mkono wake kama walivyofanya wazee. Ila lile jina lishuke. Aandike jina jingine lolote, hata la Nunu mwenyewe, kuna ubaya gani duka kuitwa kwa Bi Nunu?

Nunu alisema ahsante. Alipokata simu alihisi mwili wote umelegea kwa raha, akakaa, akainywa ile chai ikiwa baridi. Jambo limekwisha. Davinder atapigiwa, bango litashuka, litapandishwa jingine wiki ijayo.

Thuwaiba alikuwa ngazini, amesikia. Msichana huyu alizaliwa hapa hapa. Anaelewa Kiswahili chote, lakini humjibu mama yake kwa Kiingereza, na akiamua kutumia Kiswahili basi ujue jambo limefika mahali. Alianza kwa Kiingereza. Alisema jina halishuki. Nunu akasema linashuka. Alimkumbusha juu ya kodi ya duka, juu ya kazi aliyoiacha, juu ya wanawake wale watakaopita Jumamosi wakaona mlango mtupu. Akamwambia kwamba Bi Asmahan si adui, ni mtu wao, wametoka naye mbali, na kama ameumia kaumia kama anavyoumia mtu wa nyumbani.

"Wa nyumbani vipi?" Thuwaiba aliuliza, kwa Kiswahili.

"Si unaona? Wageni wake wote hupiga kengele mbele. Mimi napita pembeni, naingia jikoni bila hodi. Mgeni hapiti jikoni kwa mtu."

Thuwaiba alishuka ngazi mbili, akakaa.

"Mama, watu wa nyumbani hukaa na sebuleni. Wewe umewahi kukaa sebuleni kwake?"

Nunu alifungua mdomo amjibu. Aliitafuta sebule ya Bi Asmahan kichwani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Jikoni alipajua pote, mpaka droo ya vijiko inayokwama. Alikumbuka siku za Idi, sauti za wanawake zikitoka ng'ambo ya ule mlango, vicheko, harufu ya udi wake mwenyewe ukifukizwa huko, na yeye amesimama karibu na jiko anakatakata matunda, anaambiwa Nunu, hebu tutilie chai, wewe ndiye unayejua vikombe vilipo. Aliona fahari kuambiwa anajua. Miaka yote hiyo. Na mama yake Malindi, akimshika mkono, wakipita kichochoro mpaka uani, akimwambia sisi hatupigi hodi, hapa kwetu.

"Naona watu wake ni wengi, nafasi haipo," alisema mwishowe, na alipoisikia sauti yake mwenyewe akajua hilo si jibu.

Thuwaiba alisogea, akakaa karibu. Nunu akamuuliza, si kwa ugomvi, kwa nini ang'ang'anie jina ambalo hata halikuwa la yule mwanamke, jina alilobandikwa kama anavyofungwa kuku uzi mguuni.

"Jina walimpa," Thuwaiba alisema. "Biashara hawakumpa."

Nunu alivaa koti. Kabla ya kutoka alimpigia Valérie, Mkongo waliyekuwa wakifanya naye usafi hospitali, maana alitaka kusikia sauti ya mtu asiyejua lolote la Malindi. Alimweleza kwa haraka. Valérie alisikiliza, akavuta pumzi.

"Juu ya nini unamuogopa vile?" aliuliza kwa Kiswahili cha kwao. "Ni ye anakulipiaka ile duka?"

"Silipiwi na mtu."

"Sasa?"

Nunu aliingia jikoni, akachukua kopo la kwanza la udi wa mwaka huu, lililokuwa limefungwa kitambaa tangu wiki iliyopita, akalitia kwenye mfuko na kwenda kupanda basi.

Hodge Hill ni kupanda. Nyumba za huko zimeshikana mbili mbili, kila moja na kipande chake cha bustani mbele na njia yake nyembamba pembeni. Ndani ya basi Nunu alipanga maneno yake yote. Aliyapanga vizuri, yenye adabu, na alipoteremka alikuwa nayo kamili. Akatembea, akafungua geti, akatembea, na alipoinua macho alikuta amesimama baina ya mapipa ya taka na ukuta, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni, na mkono wake umekwisha kunyooshwa kwenye kitasa. Miguu ilikuwa imempeleka yenyewe. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kupitia upenyo alisikia redio na sufuria inayochemka.

Alirudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Akazunguka mbele. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao, wa zamani, umepakwa rangi nyekundu, na kengele yake hajapata kuibonyeza hata siku moja. Aliibonyeza. Ililia.

Pazia la dirisha kubwa likasogea, uso wa Bi Asmahan ukatokea, umefungwa ushungi mweupe. Akafungua kidirisha cha juu.

"Nunu? Mbona umesimama huko? Pita jikoni, mlango uko wazi."

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Pita basi, baridi hiyo."

"Leo nitaingilia hapa, Bi Mkubwa."

Bi Asmahan alimtazama kama anayetafuta alichokificha. "Hapa huingilia wageni. Wewe mgeni?"

"Kama si mgeni, mbona zulia la sebuleni kwako silijui lina rangi gani?"

Maneno yale hayakuwamo katika yale aliyoyapanga kwenye basi. Yale ya kwenye basi yalikuwa yamekwenda zake. Bi Asmahan akasema kwamba Mbarouk si amempigia simu, mambo si yamekwisha? Nunu akasema Mbarouk alimpigia, na ndiyo maana amekuja mwenyewe, kwa sababu jibu lake si la kutumwa kwa mtu. Jina halishuki.

"Watu wanasoma kwenye simu kwamba wazee wangu walikuwa na watumwa," alisema Bi Asmahan. Hakupandisha sauti.

"Walikuwa nao, Bi Mkubwa."

"Nani hakuwa nao wakati ule?"

"Zafarani hakuwa nao."

"Bibi yetu alimlea yule. Alimfunza kazi. Huo udi unaojidai nao leo umetoka mikononi mwa nani?"

"Vipimo vilitoka kwenu, sikatai. Mtoto hakuandika vinginevyo. Hata jina la nyumba hakulitaja."

"Hakulitaja, na kila mtu kajua."

"Kila mtu kajua kwa sababu kila mwaka wananiona na kopo, napita kwenye mapipa," alisema Nunu. "Mimi nilidhani wananiona mtu wa nyumbani."

Gari lilipita. Mwanamke wa nyumba ya pili alitoka na mbwa wake, akawapungia mkono wote wawili, na Bi Asmahan akampungia huku akitabasamu tabasamu la watu wa nje. Alipopita, tabasamu likaondoka.

"Na kaa lako atawasha nani?"

"Ukija utawasha wewe, na nitafurahi, Wallahi. Usipokuja nitawasha mimi."

"Haijapata kuwa."

"Najua."

"Na kopo hilo mkononi la nini, kama maneno ndiyo hayo?"

Nunu alilitazama lile kopo ndani ya mfuko. "Hili ni zawadi. Yaliyotangulia sijui yalikuwa nini."

Bi Asmahan alivuta ushungi wake. Alisema kwamba mlango huu haujafunguliwa tangu wageni wa mwisho kabla ya baridi, ufunguo wake anao Mbarouk, naye yuko kazini mpaka jioni, kwa hiyo kama anataka kuingia apite kule kwa siku zote, na kama hataki asalimie watu nyumbani. Akafunga kidirisha.

Nunu alishuka ngazi mbili za mlangoni, akafika kwenye ukuta mfupi wa bustani, ule unaotazamana na mlango, akakaa juu yake. Hakupanga kukaa. Kituo cha basi kilikuwa mbali. Lakini alipokwisha kukaa aliona kwamba hapo ndipo alipokuwa akitaka kuwa. Ukuta ulikuwa na unyevu ukaingia kwenye koti. Alifikiri juu ya Jumamosi. Aliliona duka tupu, Thuwaiba nyuma ya meza na vikopo vimepangwa, kijana wa duka la kuku akichungulia kwa huruma. Akaona na msimamizi wake wa zamani hospitali, akimuuliza kwani alisemaje alipoondoka. Ilikuwa ile hofu yake ya siku zote, hofu ya mama anayehesabu watoto kwenye giza. Alikuwa ameizoea. Hakuinuka.

Kidirisha kikafunguka.

"Unafanya nini hapo?"

"Namngoja Mbarouk."

"Mpaka jioni?"

"Inshallah."

"Majirani watasema nini, umekaa ukutani kwangu kama uliyekuja kudai? Watadhani nimekudhulumu."

Nunu hakumjibu hilo. Hakuwa na nia ya kumjibu kwa ukimya. Alitafuta tu neno la adabu la kusema na hakulipata. Bi Asmahan alingoja, akaona jibu haliji, na kitu fulani kikapita usoni mwake, wala hakikuwa hasira. Pazia likarudi. Mvua nyepesi ilianza, ile ya Birmingham isiyokuwa na sauti, ambayo unaijua tu kwa sababu mikono imelowa. Nunu alilitia kopo ndani ya koti lake. Yule mwanamke wa mbwa alirudi, akamuuliza kama yuko salama, naye akamjibu kwa Kiingereza chake cha hospitali kwamba yuko salama, anangoja mlango.

Muda ukapita. Ndani ya nyumba redio ilizimwa. Kisha alisikia kitu kikiburutwa, polepole, kikisimama, kikiburutwa tena, kama kabati la viatu linalosogezwa na mtu mwenye magoti mabaya. Akasikia mnyororo ukitolewa. Akasikia ufunguo, ule ule uliokuwa kwa Mbarouk kazini, ukiingia na kuzunguka mara mbili.

Mlango haukufunguka. Ulitikisika, ukakwama kwa chini, mbao zimevimba kwa unyevu wa majira yote ya baridi. Ukavutwa tena kutoka ndani, ukakwama tena.

Nunu alikuwa amekwisha kusimama.

"Nawe sukuma basi," ilisema sauti ya Bi Asmahan kutoka ng'ambo ya pili, imechoka na kukosa pumzi. "Nitauweza peke yangu huu?"

Nunu alipanda zile ngazi, akaweka bega kwenye mbao nyekundu, akasukuma, na mlango ukafunguka.